Fundi wa Viko wa River Road: Husoma Kwanza, Husafisha Baadaye

Katika ghorofa ya kwanza ya jengo kuukuu lililoko River Road, Nairobi, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, kuna chumba chembamba chenye ubao mlangoni ulioandikwa maneno matatu tu: SAA, KALAMU, VIKO. Hakuna jina la biashara, na mzee anayeketi humo aliniomba nisilitaje lake, kwa hiyo nitamwita fundi, kama wanavyomwita wateja wake wote. Nilimpelekea viko viwili vya tumbaku vilivyokaa kabatini kwetu kwa miongo kadhaa vikiwa vimejaa vumbi na masizi, nikavipokea baada ya wiki tatu na siku mbili. Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya yeyote aliyerithi kiko cha babu yake na anajiuliza kimetoka wapi, ni cha lini, na kama kinaweza kusafishwa bila kuharibiwa.

Niseme mapema kwamba mimi sivuti tumbaku, na sikwenda kwa fundi ili viko hivyo viwashwe tena. Kiko cha kwanza, ambacho ni kikubwa na kimepinda shingo, kilikuwa cha babu mzaa baba, aliyekuwa karani wa reli hapa Nairobi hadi alipostaafu. Katika kila arusi na kila matanga baba mdogo husimulia kwamba kiko hicho alipewa baba yake babu na mhandisi Mzungu aliyekuja kujenga reli ya Uganda, ile iliyofika Nairobi mwaka 1899, na kwamba pete iliyo shingoni mwake ni ya fedha tupu. Kiko cha pili ni kidogo, kimevishwa ngozi ya kahawia iliyoshonwa ubavuni, na kilitoka upande wa mama bila hadithi yoyote. Tulidhani kimechongwa kwa jiwe la Kisii, lile la Tabaka linalotengenezewa vinyago, tukakiweka kwenye droo ya misumari.

Kabla ya kumfikia fundi huyu nilipitia duka moja la vitu vya kale, ambalo sitalitaja. Kijana niliyemkuta alikitazama kiko kikubwa kwa muda usiozidi dakika moja, akathibitisha kwamba pete ni ya fedha, akaniambia kuwa kwa shilingi elfu sita angekipiga msasa chote, akipake vanishi na kunirudishia kikiwa kama kipya. Nashukuru kwamba siku hiyo sikuwa na kiasi hicho mfukoni, kwa sababu msasa ule ungefuta maandishi yote yaliyokuwa na maana kwenye kiko hicho, na vanishi hutokota na kubanduka pindi bakuli linapopata moto.

Fundi wa River Road hakuanza kwa kusafisha. Alikifuta kiko kwa kitambaa kikavu, akazima taa ya darini, akawasha taa ndogo ya mezani na kuilaza ubavuni ili mwanga wake upite mshazari juu ya mbao, kisha akabana jichoni ile lenzi ya mafundi saa. Mhuri uliolika hauonekani kwa mwanga unaotoka juu, lakini mwanga ukija kwa ubavu kila herufi hutupa kivuli chake. Mahali palipofifia zaidi alipakaza unga wa chaki kwa ncha ya kidole na kuufuta taratibu, unga ukabaki ndani ya mikato. Tulisoma pamoja, yeye akinitajia na mimi nikiandika kwenye daftari: ubavu wa kushoto, PETERSON'S, na chini yake SYSTEM STANDARD; ubavu wa kulia, maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba kimetengenezwa katika Jamhuri ya Ireland, pamoja na namba 314, ambayo ni namba ya umbo na wala si ya mwaka.

Peterson ni jina la watengenezaji wa viko wa Dublin. Charles Peterson, fundi mzaliwa wa Latvia, aliungana na familia ya Kapp iliyokuwa na duka la viko mjini humo, na ndiyo maana herufi K na P huonekana kwenye pete za viko vyao. Mwaka 1890 alijipatia hataza ya kiko alichokiita System, ambacho shingo yake ina kijishimo cha kukusanyia majimaji ya moshi ili yasipande mdomoni, na mwaka 1898 akapata hataza ya kinywa ambacho tundu lake hutazama juu badala ya mbele, ili moshi upande kaakaani usiunguze ulimi. Kwa umbo lake peke yake, basi, kiko chetu hakikupingana na hadithi ya baba mdogo, kwa kuwa viko vya namna hiyo vilikuwa vimebuniwa miaka tisa kabla reli haijafika Nairobi.

Jina la nchi ndilo lililoiangusha hadithi. Ireland ya kusini iliitwa Dola Huru ya Ireland tangu mwaka 1922, ikapata katiba mpya na jina la Éire mwaka 1937, na ikatangazwa kuwa jamhuri mwezi Aprili 1949, na mihuri ya Peterson iliyafuata mabadiliko hayo. Kiko kinachotaja Jamhuri ya Ireland hakiwezi kutangulia mwaka 1949, yaani miaka hamsini kamili baada ya reli kuingia Nairobi. Nilipomwomba fundi anipe mwaka wenyewe, alikataa katakata. “Kijana wangu,” aliniambia, “mhuri huu unakwambia hakikuzaliwa kabla ya lini. Haukwambii kilizaliwa lini.” Maneno ya aina hiyo yaliendelea kutumika kwa miongo mingi, na mtu anayetaja mwaka mmoja kwa kuutazama mhuri huo peke yake anabahatisha. Mimi kwa upande wangu nashuku kwamba babu alikinunua mwenyewe kwa mshahara wa ukarani, jambo ambalo kwa maoni yangu linampa heshima zaidi kuliko zawadi ya mhandisi.

Pete nayo ilikuwa na alama tatu ndogo zilizopangwa kwa mstari: jani lenye sehemu tatu, mbwa, na mnara wa duara. Alama hizo ndizo zilizomdanganya kijana wa duka la vitu vya kale, na ninaamini zimewadanganya wengi, kwa sababu mpangilio wake unafanana sana na ule wa alama za ofisi ya kupima fedha. Ukweli ni kwamba ni mapambo ya kampuni yenyewe, ambayo iliyapiga kwenye pete za nikeli. Fedha iliyopimwa Dublin hubeba alama nyingine, yaani mwanamke aliyeketi aitwaye Hibernia, kinubi chenye taji juu yake, na herufi ya alfabeti inayowakilisha mwaka wa kupimwa. Kiko chenye herufi hiyo ndicho kinachoweza kupewa tarehe ya karibu bila kubahatisha, na fundi alinitolea kwenye sanduku lake kimoja cha mteja mwingine ili niione tofauti kwa macho yangu. Sonara yeyote mwaminifu angeliweza kunieleza hayo, ila mimi sikuwa nimefikiria kumuuliza sonara juu ya kiko.

Kiko cha pili kilichukua muda mfupi kutambuliwa, na kilinishangaza kuliko cha kwanza. Kwenye kinywa chake, chini ya uchafu wa rangi ya kijani, palijitokeza tembo mdogo, na karibu na ukingo wa ngozi pakasomeka neno KIKO pamoja na jina la Tanganyika. Fundi alicheka kwa furaha na kuniuliza kama nilijua kwamba neno letu hili la kila siku liliwahi kuwa nembo ya biashara. Sikujua. Hakikuwa cha jiwe la Kisii bali cha mirshamu, madini mepesi yenye vitundu vingi ambayo Wajerumani waliyapa jina lenye maana ya povu la bahari, na ambayo yamechimbwa kwa muda mrefu karibu na Eskişehir nchini Uturuki. Afrika Mashariki ina akiba yake katika bonde la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania, na huko ndiko mirshamu ya viko hivi vya tembo ilikotoka. Jiwe la Kisii ni zito na lina utelezi wa sabuni, ilhali mirshamu kavu ni nyepesi kiasi cha kuweza kuelea, tena hunata ulimini ukiigusa, ingawa sikushauri uufanye mtihani huo kwenye kiko kilichovutwa na mtu mwingine.

Kuhusu umri wake fundi alirudia tahadhari ileile. Tanganyika iliungana na Zanzibar mwezi Aprili 1964, na nchi mpya ikaanza kuitwa Tanzania mwezi Oktoba mwaka huohuo, kwa hiyo ni busara kukiweka kiko hicho kabla ya hapo au karibu na hapo. Hata hivyo, mhuri wa chuma hautupwi siku nchi inapobadili jina, na karakana ikiwa na mihuri ya zamani inaweza kuendelea kuitumia hadi itakapochakaa. Niliipenda sana tabia hii ya kutosema zaidi ya kile anachokiona.

Fundi huyu alikulia Mji wa Kale, Mombasa, na lugha yake ya kazi ni starehe kuisikiliza. Shingo ya kiko huiita digali, na sehemu inayoingia mdomoni huiita shilamu, maneno ambayo wazee wa pwani waliyatumia kwa mabomba mawili ya kiko cha maji, moja la kushushia moshi na jingine la kuuvutia. Yeye ameyahamishia kwenye kiko cha Kizungu bila kumwomba mtu ruhusa, nami nimeyaiga katika aya zinazofuata.

Usafishaji wa viko hivi viwili haukufanana hata kidogo. Bakuli la kiko cha babu ni la braya, fundo gumu linaloota mahali shina na mizizi ya mmea uitwao Erica arborea vinapokutana. Fundo la viko huvunwa katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati, ingawa spishi hiyohiyo huota pia kwenye miinuko ya Mlima Kenya na Aberdare. Ndani ya bakuli palikuwa na ukoko wa makaa, mithili ya ule wa sufuria ya wali iliyosahauliwa mekoni, mnene kiasi kwamba kidole changu cha mwisho kilipita kwa shida. Ukoko mwembamba huikinga mbao isiungue, lakini ukoko mnene hutanuka kwa joto kuliko mbao inavyotanuka, na mwisho wake unaweza kulipasua bakuli. Fundi aliukwangua kwa kifaa cha makali manne kinachozungushwa kwa mkono, akiondoa kidogo kidogo na kumwaga unga kila mara, mpaka ukabaki unene wa takriban milimita moja. Kisu chenye ncha hakitumii kwa kazi hii, kwa kuwa ncha huchimba chini ya bakuli na kuharibu tundu la moshi.

Digali lilisafishwa kwa vijiti vya waya vilivyovikwa pamba na kuchovywa katika alkoholi ya isopropili, ileile ambayo mafundi wa simu wa Luthuli Avenue husafishia bodi. Fundi alinitumia picha ya vijiti vilivyotumika, nami nikavihesabu: vilikuwa kumi na saba, vya kwanza vikiwa vyeusi kama lami na cha mwisho kikiwa cheupe. Spiriti ya zambarau inayouzwa madukani kwa ajili ya kuwashia moto haiguzi kabisa, kwa sababu ina methanoli, ambayo ni sumu, na rangi inayoweza kuingia kwenye mbao. Kile kijishimo cha kukusanyia majimaji, ambacho ndicho fahari ya kiko cha System, ndicho kilichokuwa kichafu kuliko sehemu zote, na kilihitaji karatasi laini iliyosokotwa na kubadilishwa mara nyingi. Shilamu yake pia ina usumbufu wake, kwa kuwa tundu linalotazama juu haliruhusu kijiti kupita moja kwa moja, na ni lazima ncha yake ikunjwe kabla ya kuingizwa.

Harufu ya tumbaku ya miaka mingi ilitolewa kwa kulijaza bakuli pamba, kuidondoshea alkoholi na kuliacha usiku kucha. Asubuhi pamba ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Wapo wanaotumia chumvi badala ya pamba, na matokeo yake ni mazuri vilevile, lakini fundi anaogopa chembe za chumvi zikibaki ndani ya digali, ambako zinaweza kuvuta unyevu na kuidhuru mbao. Ukingo wa juu wa bakuli, uliokuwa na tabaka la lami, aliufuta kwa kitambaa kilicholoweshwa mate yake mwenyewe. Nilikunja uso, naye akaendelea bila kunijali. Baadaye nilikumbuka kwamba hata wahifadhi wa michoro ya kale hutumia mate kuondoa uchafu bila kuigusa rangi, ingawa bado ningependelea ayatumie mteja anapokuwa amekwenda zake.

Shilamu za viko vyote viwili ni za ebonaiti, yaani mpira uliopikwa pamoja na salfa mpaka ukawa mgumu kama pembe. Jua na hewa huuchakaza uso wake, rangi nyeusi ikageuka kuwa kijani cha matope na ladha yake ikawa chungu. Dawa yake ni msasa laini unaotumiwa na maji, ukipandishwa namba hatua kwa hatua, kisha kung'arishwa na kupakwa nta ya karnauba kwa gurudumu la kitambaa. Alifunika tembo kwa utepe kabla ya kuanza, na kwenye kiko cha babu hakupitisha gurudumu mahali penye maandishi. Ukikiinamisha kiko kwenye mwanga utaona kwamba ubavu wenye mhuri una mng'ao hafifu kuliko sehemu nyingine, na mtu asiyejua anaweza kudhani kazi haikukamilika.

Kwa mirshamu alibadilisha karibu kila kitu. Haiwezi kujazwa pombe wala kuoshwa, kwa kuwa ikinyonya maji hulainika na kuchubuka, na haihitaji ukoko wa kuilinda, hivyo makaa yote yaliondolewa kwa msasa mwembamba uliozungushiwa kidole. Tundu la digali lilipitishiwa vijiti vyenye unyevu kidogo tu, na ngozi ya nje ilipigwa brashi kavu na kupakwa nta kiasi kidogo. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili, na ilipokwisha rangi ya asali ilionekana kwenye ukingo wa bakuli, mahali ambapo sisi tulikuwa tukiona weusi mtupu.

Sasa kasoro, ambazo si chache. Aliniahidi siku kumi, akachukua zaidi ya mara mbili ya hizo, na mara tatu nilipompigia simu hakushika. Hatoi risiti mpaka uidai, na anapoitoa huiandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Ngazi za jengo hazina taa, kwa hiyo nenda mchana. Kasoro iliyoniuma ni nyingine. Shilamu ya kiko cha babu ilikuwa na vibonyeo viwili vya meno, naye aliniuliza kama nilitaka viondolewe, kwa maana ebonaiti ikipashwa joto hurudi ilivyokuwa, nami nikamwambia aviache kwa kuwa hayo ni meno ya babu. Kwenye kiko cha tembo palikuwa pia na vibonyeo, na hivyo aliviondoa bila kuniuliza. Nilipomlalamikia alikubali kosa na kupunguza shilingi mia tano, lakini hakuna nta ya kurudisha alama za mtu ambaye hata jina lake hatulijui.

Kwa jumla nililipa shilingi 2,500 kwa kiko kikubwa na 1,300 kwa kile kidogo baada ya kupunguziwa, kwa M-Pesa. Kusoma mihuri hakuna malipo ukimwachia kazi; usipomwachia, hutoza shilingi mia tatu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo huduma yenye thamani kubwa zaidi chumbani humo. Tumbaku haiuzi, na viko havinunui kutoka kwa wateja, jambo linaloniondolea shaka kuhusu bei anazozitaja. Ukiamua kwenda kwake usikioshe kiko chako kwanza, wala usikipake mafuta ya kupikia kwa nia ya kukifanya king'ae, kwa kuwa mafuta hayo huvunda ndani ya mbao na kumwongezea kazi. Kipeleke kama kilivyo, kimefungwa kwa kitambaa, na shilamu yake isichomolewe kwa nguvu ikiwa imekwama.

Baba mdogo nilimsomea daftari langu lote, pamoja na habari za jamhuri ya mwaka 1949 na nikeli ya pete. Alisikiliza kwa utulivu hadi mwisho, na siku hizi anasimulia kwamba mhandisi yule alirudi Nairobi uzeeni kuitazama reli yake.